Pumu inaua huku mlimani na hakuna anayehesabu pampu. Tuongee jamani

#1 Mwana wa Kibosho

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu mnivumilie, nimekaa nao kichwani mwaka mzima ndo leo nimepata nguvu ya kuuandika.

Mwaka jana mwezi wa saba tulimzika shangazi yangu, kitinda mimba kwa kina baba, miaka 41, huko Kibosho, Kilimanjaro, juu karibu na msitu. Alikufa kwa pumu. Nasema pumu kwa makusudi kabisa maana msibani kila mtu alikuwa na lake, mmoja presha, mwingine moyo, mwingine akasema ni baridi ya mwezi wa saba, na wapo walionong'ona habari za mpaka wa kihamba, yani shamba la nyumbani, na jirani. Sisi tuliokuwa naye ule usiku tunajua. Alikuwa na pumu toka yuko darasa la nne, kila mtu kijijini anajua, na labda ndo tatizo lenyewe, tulishazoea. Shangazi akibanwa tunasema ah ni pumu yake tu, itapita.

Siku hiyo alishuka shamba la chini kupiga maharage. Waliokulia huku wanajua vumbi la maharage lilivyo, linakaa puani hadi kesho yake. Karudi jioni kifua kinapiga filimbi, kula hakula, na kwa sababu ya baridi akalala kule jikoni kwa zamani karibu na mafiga, moto ukiwa umefunikwa majivu unatoa moshi kidogo kidogo. Saa nane usiku mwanae akaja kunigongea, bahati nilikuwa nimepanda kijijini wikiendi ile.

Nilimkuta amekaa kitako, mikono ameikaza magotini, mabega yanapanda na kushuka, anaongea neno moja moja. "Maji." Anavuta. "Mlango." Anavuta. Pampu yake ya kuvuta dawa anabonyeza anabonyeza haitoi kitu. Mdogo wangu akakimbia kutafuta boda, mjue huku juu usiku ule ukungu umeshuka, mtandao unatafuta kwa kupanda ukuta wa zizi, ikachukua kama dakika arobaini.

Sasa hapa ndo pananiuma mpaka leo. Ile filimbi ikaacha. Kifua kikawa kimya. Tukaangaliana tukasema afadhali, imeachia, Mungu ni mwema. Akawa kama anasinzia, kichwa kinainama, akasema alale kidogo. Nikamlaza. Mimi mwenyewe ndo nilimlaza na nikamfunika blanketi.

Boda ilipofika hakuwa anajibu vizuri. Tukampakia katikati mimi nyuma namshikilia. Zahanati imefungwa, mlinzi kaenda kumwamsha nesi, kaja na sweta juu ya kanga, maskini hakuwa na oksijeni hakuwa na mashine ya mvuke, akampiga sindano akasema kimbieni mjini. Kutoka pale unaziona taa zote za Moshi mjini, zipo hapo chini yako kama unaweza kuzishika. Hatukufika lami.

Baada ya matanga tunasafisha chumba, chini ya kitanda kuna kopo la maziwa ya unga. Nikalifungua nikamwaga kitandani. Pampu tupu 14, zote za bluu. Nikamuuliza mwanae hizi za miaka mingapi, akasema za mwaka huu mjomba, za mwaka jana tulitupa. Huwa hazitupi haraka kwa sababu akiishiwa hela anazichukua anazitikisa moja moja sikioni kutafuta ambayo imebakiza.

14 kuanzia Januari mpaka Julai. Nimeenda kuuliza wataalamu, nimesoma, na sasa najua kwamba lile kopo lilikuwa linapiga kelele miezi yote hiyo. Ndo maana nimeleta uzi. Sitaki rambirambi, nataka mwenye mgonjwa nyumbani aende akaangalie chini ya kitanda leo.

Nilichoelewa ni hiki, wataalamu mtanirekebisha. Pampu ya bluu, salbutamoli, inafungua njia ya hewa kwa masaa machache, basi. Haigusi ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni uvimbe ndani ya vile vijia, kuta zinavimba, makamasi mazito yanajaa. Sasa ukibonyeza bluu misuli inalegea unapumua unaona umepona, kumbe uvimbe unaendelea kukua kule ndani, mpaka inafika siku unabonyeza na hakuna pa kufungua. Anayetakiwa kutuliza uvimbe ni ile nyingine ya steroidi ya kuvuta, wengi wanaita ya kahawia, inatumika kila siku hata ukiwa mzima. Shangazi hakuwahi kuwa nayo. Hata moja.


#2 Nesi wa Mlimani

Pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili. Mimi ni nesi, zahanati ya kijiji upande wa Rombo, na yule nesi wa sweta juu ya kanga ningeweza kuwa mimi, nimeshasimama pale mlangoni saa tisa usiku na mgonjwa wa namna hiyo huku najua ninachokihitaji hakipo kabatini.

Kwanza usijilaumu kwa kumlaza, hakuna aliyewahi kuwaambia. Ila naomba kila anayesoma hapa akariri hili: KIFUA KIKINYAMAZA NA MTU BADO ANAHANGAIKA, HAJAPONA. Filimbi inapigwa na hewa inayopita mahali pembamba. Ikinyamaza ghafla maana yake hewa karibu haipiti kabisa. Na ule usingizi siyo uchovu, ni hewa chafu imejaa kwenye damu na ubongo unazima. Mtu wa pumu aliyebanwa hatakiwi kulazwa chini, akae ameinamia mbele, ameegemea meza au mgongo wa kiti. Wala asipewe dawa ya usingizi ili "apumzike", hiyo inaweza kummaliza.

Dalili nyingine za hatari ambazo hazihitaji kipimo chochote: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mtu mzima anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, shingo na mbavu zinavutwa ndani, midomo au kucha zinaingia rangi ya bluu au majivu, kwa mtoto mdogo anashindwa kunyonya. Ukiona mojawapo hiyo siyo ya kusubiri kupambazuke. Na alfajiri ndo kubaya, pumu kwa asili yake inabana zaidi usiku wa manane kuelekea asubuhi, muda ambao huku kwetu hakuna gari.

Kuhusu pampu 14 umegusa penyewe. Pampu moja ina mibonyezo 200. Miongozo ya kimataifa ya pumu inasema mtu akimaliza 3 au zaidi kwa mwaka tayari hatari ya kubanwa vibaya inapanda, akifika 12 kwa mwaka, yani moja kila mwezi, hapo tunaongelea hatari ya KIFO. Shangazi alipita 12 ndani ya miezi saba. Na tangu 2019 miongozo hiyo imebadilika, mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 mwenye pumu hatakiwi tena kutibiwa kwa ya bluu peke yake, hata kama pumu yake ni ndogo, lazima steroidi ya kuvuta iwepo. Ipo hata pampu yenye dawa mbili kwa pamoja, budesonidi na formoteroli, unaivuta kila siku na ukibanwa unavuta hiyohiyo. Shida ni kufika kwetu na bei.


#3 boda wa stendi

Mangi pole. Mimi napiga boda Moshi vijijini, wagonjwa wa kubanwa nimebeba watatu, wawili walifika.

Nachotaka kusema watu wanatupigia wamechelewa. Mtu kabanwa toka saa mbili usiku, familia imekaa inamwangalia, wanachemsha tangawizi, wanampaka vicks, wanasali, saa tisa ndo napigiwa simu tena kwa kilio. Barabara za huku mvua ikinyesha utelezi hauna huruma, ukimbeba mgonjwa mshikaki huwezi kukimbia. Ukinipigia saa tatu usiku nakuja taratibu tunafika salama. Na pesa isiwe sababu, mimi na wenzangu wengi kijiweni tukiambiwa ni mgonjwa tunaenda, hela tutaongea asubuhi.

Kitu kingine upepo. Yule wa kwanza kila tukishuka mteremko anazidi, nikasimama dada yake akamfunga kanga puani na mdomoni, akapata nafuu kidogo. Sijui kama kitaalamu ni sawa.

Mama mjamzito ana ile namba 115 ya m-mama, anapiga anatafutiwa usafiri, hata sisi wa mtaani tunaijua. Wa pumu hana namba. Namba yake ni mimi. Kwahiyo naombeni mwenye mgonjwa aje mchana atafute boda wawili wa karibu na nyumbani, awaambie kabisa hapa kuna mtu wa pumu, simu ya usiku ikiingia pokea.


#4 Nesi wa Mlimani

@boda wa stendi kanga ni sawa kabisa, hewa ya baridi na kavu inabana njia za hewa, kuifunika inaipasha joto. Isibane tu pua kwa nguvu, na mgonjwa awe anaweza kuitoa mwenyewe.

Na hilo la kuchelewa siyo la kijijini kwetu peke yetu. Uingereza walikaa wakachunguza vifo vya pumu 195 kimoja kimoja, ripoti ikatoka 2014. Asilimia 45 walikufa bila hata kutafuta msaada au kabla msaada haujawafikia. Hao wana ambulansi jamani. Na zaidi ya nusu hawakuwa wanatibiwa kama pumu kali, walihesabiwa ndogo au ya kati. Kati ya waliokuwa wanatumia ya bluu na idadi ikajulikana, asilimia 39 waliandikiwa pampu zaidi ya 12 kwa mwaka wa mwisho. Ni lile kopo la shangazi, Kibosho na London ni hadithi moja, tofauti ni kwamba wao waliketi wakahesabu.


#5 mpenda ukweli

Poleni na msiba. Ila mimi nitasema tofauti kidogo. Hizi pampu ndo zinaua. Kwetu Uru nimeona wawili, wote walikuwa wazima na pumu yao ya kawaida, walipoanzishiwa pampu hawakukaa miaka mitatu. Mmoja alikutwa nayo mkononi. Bibi alikuwa anasema ukishaanza hiyo kitu kifua kinazoea huwezi kuacha tena. Mtoto wangu ana kifua, nampa maziwa ya punda na asali na namshukuru Mungu. Steroidi ndo sitaki hata kusikia.


#6 Mwana wa Kibosho

@mpenda ukweli sikukatalii ulichokiona, hata shangazi alikutwa nayo mkononi. Lakini anayezama akikutwa ameshika jani la mgomba, mgomba ndo umemzamisha? Naomba nesi akujibu vizuri kuliko mimi, mimi nitaongea kwa hasira na mtoto ni wako.


#7 Nesi wa Mlimani

Kaka, hofu yako siyo ya bure na nisingependa mtu akucheke. Miaka ya 1960 Uingereza kulikuwa na pampu kali ya dawa nyingine, isoprenalini, na vifo vya vijana vikapanda. New Zealand kuanzia 1976 vifo vikapanda tena, wakaihusisha na fenoteroli, walipoibana vikashuka. Kwahiyo dunia ilishaona kwamba dawa za kufungua kifua peke yake, kwa wingi, bila ya kutuliza uvimbe, zinaweza kuwa hatari. Ulichokiona Uru kinaweza kuwa ni hichohicho, wale wawili walipewa bluu tu wakaachwa.

Ila suluhisho siyo kuacha pampu, ni kuongeza ile inayokosekana. Steroidi ya kuvuta dozi yake ni ndogo mno, inapimwa kwa maikrogramu na inaishia kwenye mapafu, siyo sawa na zile za vidonge za kumeza miaka. Kinachosumbua zaidi ni fangasi mdomoni na sauti kukwaruza, mtoto asukutue maji ateme kila akimaliza. Kuzoea siyo ulevi, ni kwamba ugonjwa haujaondoka. Mwenye macho mabovu hatuambii miwani imemzoesha.

Maziwa ya punda sitakugombeza nayo. Nakuuliza tu, mwaka huu mtoto amebanwa mara ngapi usiku? Amekosa shule siku ngapi? Alishawahi kulazwa au kuwekewa mashine ya mvuke? Maana aliyelazwa kwa pumu ndani ya mwaka mmoja uliopita ndo yuko kwenye kundi la kuogopa zaidi. Nijibu hata inbox.


#8 chalii wa gereji

Mimi niko Arusha ila nimezaliwa Monduli. Nesi hiyo ya kulazwa nimeshtuka.

2022 nilibanwa nikalazwa hospitali moja hapa mjini, nikazimia, nikaja kuamka nimewekewa mrija kooni mashine inanipumulia. Siku sita. Nikatoka na vidonge vya predinisoloni, steroidi ya kumeza, vya siku tano na bluu moja, nikaambiwa nenda kapumzike. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu aliyewahi kuwekewa mrija ndo wa kwanza kwenye orodha ya watakaokufa siku zijazo. Hiyo nimeisoma mwenyewe juzi kwenye simu nikashindwa kula.

Mama yangu bado anapika ndani ya boma, nyumba yenyewe dirisha ni tundu la ngumi, ukiingia macho yanatoka machozi kabla hujasalimia. Ndugu walimletea mtungi wa gesi, anaupikia chai ya wageni tu, anasema ukiisha nani atapanda nao pikipiki kwenda kujaza. Na mimi mjini napiga rangi magari, ile rangi ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuikausha iwe ngumu. Nikipiga asubuhi usiku lazima nibanwe, Jumapili na likizo niko fresh kabisa. Bosi anasema ni mafua. Swali langu, hiyo rangi inaweza kuwa ndo chanzo?


#9 Nesi wa Mlimani

@chalii wa gereji ndiyo, inaweza, na kwa ulivyoeleza naiwaza sana. Ile hadina ina kemikali zinaitwa aisosayaneti, zinajulikana dunia nzima kwa kuleta pumu ya kazini kwa wapiga rangi. Kubanwa siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko ndo alama yake. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Ukiendelea kuvuta, inazidi kuwa ngumu kutibika. Wewe mdogo wangu nenda kliniki ya mapafu wiki hii, waambie neno kwa neno "niliwekewa mrija 2022", na uombe kazi nyingine hapohapo gereji, kunyoosha bodi au umeme, kabla hujabanwa tena. Wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini, au baada ya kumaliza predinisoloni, ni wakati ambao mtu anarudi haraka, ungetakiwa uitwe uangaliwe ndani ya siku chache. Hawakukuita, sasa jiite mwenyewe.

Moshi wa mama ni wa kuhangaikia kweli. Serikali 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mpaka ifike bomani kwa mama, angalau atoe kuni mbichi, na siku unapolala pale usilale chumba chenye moto. Lakini niwe mkweli, nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kumpa mgonjwa wangu kesho asubuhi, jiko jipya au steroidi ya kuvuta, nachagua steroidi. Moshi, vumbi la maharage, pumba, baridi, manyoya ya kuku waliolala jikoni, vyote vinachokoza. Kifua kilichotulizwa kinachokozwa na kinastahimili. Kile ambacho hakijatulizwa kinangoja siku.


#10 duka la kona

Nauza dawa, duka la dawa muhimu, sehemu moja njia ya Himo. Uzi huu umenikalia vibaya, lazima niseme.

Wateja wa bluu nawajua kwa sura. Kuna mzee anakuja kila baada ya wiki mbili, hasemi kitu, anaweka hela juu ya kaunta naye tayari anahema. Nampa. Miaka minne nampa. Sikuwahi kumuuliza hata siku moja kwa nini anamaliza haraka. Ya kahawia sijaagiza muda mrefu kwa sababu haiulizwi, na ikiulizwa mtu akisikia bei anasema nipe tu ile ya bluu.

Na wengine wananunua vidonge vya salbutamoli vya bei ndogo, vinawatetemesha mikono moyo unakimbia, nafuu yake ndogo. Kingine ambacho nadhani watu hawajui, mwenye pumu anakuja na mgongo anataka diklofenaki, au kaandikiwa presha propranololi au atenololi na hakumwambia daktari ana pumu. Hizo za presha zinaweza kumbana vibaya sana, hata matone ya macho ya presha ya jicho, timololi, yameshawabana watu. Diklofenaki, aspirini na ndugu zake siyo wote zinawadhuru, ila wapo ambao kimoja tu kinatosha.

Kuanzia kesho nafungua daftari. Jina, tarehe, pampu ya ngapi. Mtu akifika ya tatu kwa mwaka simnyimi, maana nikimnyima atabanwa, ila namwandikia karatasi aende nayo kwa daktari, na naagiza za kahawia hata tano zikae.


#11 mpenda ukweli

@Nesi nimekutumia inbox. Amebanwa usiku kama mara nane toka Machi. Amelazwa Februari. Naomba unielekeze pa kuanzia, mimi sikujua kama kulazwa kuna maana hiyo.


#12 Mama wa mapacha

Mimi nauliza la haraka, Old Moshi hapa. Mwanangu mmoja miaka 6 ana pampu lakini akibonyeza yote inapuliza nje, naona moshi wake kabisa unatoka mdomoni. Kile kibomba cha kuvutia nimeambiwa hakipo.


#13 Nesi wa Mlimani

Dada tengeneza mwenyewe, leo hii. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, ukiifuta dawa inaganda ukutani. Chukua waya ukunje uwe na umbo la mdomo wa pampu, uweke motoni uwe mwekundu, utobolee kitako cha chupa mpaka mdomo wa pampu uingie na kubana, usiache mwanya. Mtoto anashika shingo ya chupa mdomoni, midomo imefunga vizuri. Tikisa pampu, bonyeza MARA MOJA, apumue taratibu ndani nje mara 5 au 6, ndo ubonyeze tena. Siyo kubonyeza kumi kwa mpigo. Waliifanyia utafiti Cape Town wakachapisha 1999, chupa ya hivyo ilifanya kazi sawa na kibomba cha dukani kwa watoto waliobanwa.

Akibanwa vibaya, mibonyezo 4 mpaka 10 kwa mtindo huo kupitia chupa, rudia kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, na hayo yote yanafanyika MKIWA NJIANI kwenda hospitali, siyo mmekaa nyumbani mnasubiri. Kama daktari alishawaandikia predinisoloni ya akiba, mpe mapema dozi aliyoandikiwa, ile inachukua masaa kufanya kazi, ndo maana ikianza kijijini inasaidia kuliko ikianza mjini.

Na jamani wenye pampu, msipime kama imeisha kwa kuitumbukiza kwenye kikombe cha maji kuona inaelea. Haitoi jibu la kweli. Wala kuitikisa sikioni. Andika tarehe uliyoifungua kwa peni juu ya plastiki yake.


#14 Mwana wa Kibosho

Nimerudi. Nimesoma yote, nimelia kidogo pale kwa kuitikisa sikioni.

Nimempigia mwanae wa shangazi, yuko kidato cha tatu sasa. Naye ana kifua. Hakuwahi kutuambia sababu anasema mama akifa kwa kitu unaogopa kukitaja. Anakaa na bibi wa miaka 80 asiyesikia vizuri, yani akibanwa usiku hakuna wa kumgongea mtu. Nesi sijui kama kukaa peke yako kunahesabika kwenye hizo hatari zenu, kwangu kunahesabika. Jumamosi napanda, namhamishia kwangu mjini mpaka amalize shule, na Jumatatu namwanzisha kliniki.


#15 Nesi wa Mlimani

Kunahesabika sana. Upweke, msongo, msiba mkubwa, pombe, kukosa nauli, vyote vimo. Na kuogopa kusema. Mlete.


#16 mjukuu wa Machame

Nilikuwa nasoma kimya toka jana. Leo nimeenda kwa bibi nikaomba nimsaidie kupanga kabati. Zipo kwenye mfuko wa rambo nyuma ya vyombo vya sikukuu. Tisa. Anasema kuanzia Pasaka. Usiku analala amekaa, sisi tulidhani ni uzee.

Nampeleka lini?


#17 Nesi wa Mlimani

Kesho asubuhi, gari la kwanza. Usitaje idadi kwa mdomo, beba mfuko mzima umwagie daktari mezani. Beba na dawa zake zote za presha na za macho kama anazo. Mwambie achunguzwe na moyo pia, anayelala amekaa anaweza kuwa na vyote viwili. Usiku wa leo lala chumba chake, simu iwe na chaji, na namba ya boda uwe umeshaongea nae kabla giza halijaingia.


#18 boda wa stendi

Mjukuu wa Machame upo sehemu gani? Nina mwenzangu anapaki hukohuko Machame. Nitumie inbox nampigia sasa hivi.